Cheti Kilichotiwa Mkono Barazani

Mwaka wa uhuru nilipewa ufunguo na cheo ndani ya saa moja, na vyote viwili vilinipanda kichwani. Mzungu aliyeongoza Fuaye, ndivyo tulivyoita nyumba ile ya kufundishia wanawake kushona, alifunga masanduku yake, akanishika mkono, akaniambia nchi sasa ni yenu, kisha akapanda gari kwenda mpakani hata chakula cha mchana hakungoja. Mimi nilikuwa msaidizi wake tu. Nilibaki mlangoni na ufunguo mkononi, nina miaka ishirini na mitatu, na wanawake kumi na wanane wamenikodolea macho. Nikawaambia kwa ukali waanze kazi, maana sikujua jambo jingine la kusema.

Ukali ndio uliokuwa dawa yangu ya kila kitu siku zile. Nilikuwa mkali kwa aliyechelewa, kwa aliyewahi na kukaa bure, na kwa sindano iliyovunjika kana kwamba ilikusudia. Nilifundisha kama nilivyofundishwa. Kitambaa kilikuwa haba, kwa hiyo tulishona vipande vidogo vya amerikani nyeupe, ukubwa wa kiganja: tundu la kifungo, pindo, mfuko, kola. Kila mwanafunzi alibandika vipande vyake katika daftari. Kukata tulijifunzia kwenye karatasi za mifuko ya saruji. Yalikuwa madaftari mazuri sana, na hakuna mtu aliyewahi kuvaa chochote kilichotoka humo.

Mwanafunzi wangu bora alikuwa mjane kutoka Makobola. Mumewe alikufa kwa ugonjwa wa tumbo, akamwachia watoto wawili, mmoja wa kutembea na mmoja wa mgongoni. Kwa desturi yao, shemeji yake, mdogo wa marehemu, ndiye aliyetakiwa kumrithi. Shemeji hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mkulima, mpole, hanywi kupita kiasi. Ila mjane hakumtaka, basi. Alipomwomba ruhusa ya kuja kusoma Uvira, shemeji alimpa neno moja mbele ya wazee, naye akanisimulia siku ya kwanza ili nijue mapema: "Ukipata diplome na kazi ya kulisha watoto, minye sitasema kitu tena. Ukikosa, utarudi Makobola, kwangu." Kwa hiyo wengine walikuwa wakishona tundu la kifungo, yeye alikuwa akishona maisha yake, na mimi nilijua hivyo kila nilipomsahihisha.

Kisha akaja mtu wa serikali kutoka Bukavu, mmoja wetu, suti mpya, viatu vya kubana. Alifunua daftari la mjane ukurasa kwa ukurasa, akalifunga. Alisema tangu sasa cheti cha Fuaye hakitakuwa na nguvu kama hakikutiwa mkono, yaani sahihi, na mwenye kazi, mtu aliyemwona mwanafunzi akifanya kazi ya kweli na kukubali kwamba anaiweza.

"Tunataka watu wa kazi," alisema. "Madaftari tuko nayo ya kutosha."

Nilimchukia hadi kwenye mshipa wa shingo. Lakini alipoondoka nilianza kufikiri ni nani Uvira mwenye kazi ya kushona, nikapata jibu moja tu. Kushona kulikuwa barazani mwa maduka ya Waislamu, na waliokaa nyuma ya cherehani zile walikuwa wanaume watupu.

Baraza kubwa ilikuwa karibu na msikiti. Mwenyewe alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia nyeupe, ambaye babu yake alivuka ziwa zamani na biashara na hakurudi tena. Alikuwa na mkasi ambao hakuna fundi mwingine aliyethubutu kuugusa. Niliweka daftari la mjane mbele yake bila kukaribishwa. Akapangusa mikono kwanza, jambo lililonipendeza, akafunua, akagusa tundu moja la kifungo, akaligeuza kuangalia upande wa ndani.

"Muzuri," alisema. "Sasa nguo yenyewe iko wapi?"

"Nguo gani?"

"Hii tundu iko ya nguo gani? Minye naona tundu, nguo siioni."

Nikamjibu kwamba kwetu tunafundisha kwa utaratibu, si kwa kubahatisha barazani. Nikachukua lile daftari na kuondoka, na hasira ile nilitembea nayo mpaka nyumbani kwangu Songo.

Kesho yake asubuhi mjane alinisikiliza hadi mwisho, mtoto akimvuta kitambaa cha kichwa, kisha akauliza kwa upole, "Madamu, ulimuomba ao ulimugombeza?"

Nikarudi. Safari hii nilingoja nikaribishwe, na mzee akaagiza chai. Kumbe na yeye alikuwa na shida yake. Hakuwa mtu wa kumzungushia mwanamke wa watu mita ya kupimia, wala mafundi wake hakuwaruhusu. Tangu zamani mwanamke alijipima nyumbani kwa kamba, akafunga fundo la kifua, fundo la kiuno, fundo la urefu, akaituma kamba barazani. Kwa kanzu pana ilitosha. Lakini baada ya uhuru wanawake wote walitaka libaya, yaani blauzi, ya kubana, mikono imevimba begani, na mafundo ya kamba hayakusema kitu juu ya bega. Wateja walianza kuvuka mpaka kwenda kushonewa Usumbura.

"Weye uko na wanawake wanaojua kupima," alisema. "Minye niko na mafundi wanaojua kukata. Juu ya nini tunakaa kila mutu kwake?"

Tulipatana siku ile ile, ingawa si bila kuvutana. Wanafunzi wanne wangefanya kazi kwake siku tatu za juma, ndani ya ua, pamoja na mke wake, na siku tatu wangebaki Fuaye. Yeye mwenyewe angekuja Fuaye kila Alhamisi kufundisha kukata vikwembe, yaani vitenge. Nikasema wanafunzi wangu hawaji kwake kufagia.

"Watafagia," alisema. "Hata minye nafagia."

Nikataka kujua pia lini atatia mkono kwenye vyeti. Akasema siku atakayoona, na siku hiyo atajua yeye. Hapo nilikunywa chai ili nisiseme.

Alhamisi zile zilinitesa. Mzee aliketi kwenye kiti changu na kuwaeleza wanafunzi jinsi kitambaa kinavyovutika ukikikata mshazari, akawatania, nao wakacheka zaidi ndani ya saa moja kuliko walivyocheka na mimi mwaka mzima. Nilikuwa na wivu, sina neno jingine. Nilisimama nyuma nikijifanya napanga nyuzi. Lakini masikio yangu yalikuwa wazi, na mengi aliyoyasema sikuwa nimeyajua.

Mwezi wa pili wa mapatano hayo wanawake wa sokoni wauzao ndagala, yaani dagaa, walileta kazi kubwa. Kuna mkubwa mmoja wa siasa aliyekuwa anakuja Uvira, nao walitaka kumpokea wote kumi na wawili na libaya za aina moja, zilizoshonwa kwa kikwembe chenye sura yake. Jina lake sitalitaja, maana sura ile ilikuja kuwatesa watu baadaye. Ilikuwa sura kubwa, miwani, shingo na tai, imepangwa safu kwa safu juu ya kitambaa cha buluu. Wanafunzi wangu waliwapima wanawake wale ndani ya ua. Mzee akakata libaya ya kwanza, kisha akaitwa kwenye maziko. Kabla ya kuondoka alimpa mjane mkasi wake, ule ule, akamwambia aendelee. Mafundi waliangaliana.

Mjane alikata kama nilivyomfundisha. Kwenye karatasi za saruji nilikuwa nimewaonyesha wanafunzi njia ya kubana kitambaa: sehemu ya mbele unailaza hivi, sehemu ya nyuma unaigeuza miguu juu ili nafasi isipotee. Alibana vizuri ajabu. Nilipofika alasiri nilikuta libaya kumi na moja zimekatwa, na katika migongo yote kumi na moja mkubwa amesimama kwa kichwa, miwani chini, tai juu.

Hakuna aliyecheka. Zilikuwa siku ambazo vijana wa chama walipita sokoni wakikagua, na mtu aliweza kupigwa kwa kufungia chumvi gazeti lenye sura isiyotakiwa kufungiwa chumvi. Fundi mmoja alisema polepole, "Hii ni kufungwa." Mjane alikuwa amekaa chini, mkono mdomoni, mtoto amelala mgongoni. Alisema neno moja tu, "Makobola," na hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Mzee aliporudi kutoka mazikoni ulimi wangu ulikuwa tayari. Nilitaka kumwambia ni nani anayemwachia mwanafunzi kazi kama hii na kwenda zake. Ila niliangalia mistari ya chaki juu ya vile vipande, nikaitambua. Ilikuwa mistari yangu, hata ile alama ndogo ya pembeni niliyoibuni mwenyewe.

"Ni minye nilimufundisha vile," nikasema. "Kwetu kitambaa kilikuwa cheupe. Cheupe hakina juu wala chini."

Mzee akavua kofia, akaivaa tena. "Na minye niliondoka bila kumuuliza alijifunzia kitambaa gani," alisema. "Iko bado amerikani kule kwenu?"

Ilikuwepo. Nilikuwa na jora zima kabatini, nimelifungia tangu Mzungu aondoke, wanafunzi wakishona vipande vya kiganja. Niliona aibu kubwa nilipolileta begani mbele yao. Tuliitoa migongo yote ya kikwembe tukakata migongo mipya ya amerikani nyeupe. Vipande vilivyopinduka tuliondoa sura, na ile buluu iliyobaki ikawa mikono na ukingo wa shingo. Wanaume walishona barazani, wanawake uani, mke wa mzee akipitisha vipande mlangoni. Nami nilikaa kwenye cherehani. Nakiri hapa jambo ambalo sikulikiri siku ile: sikuwa nimewahi kushona nguo nzima ya mtu aliyenilipa. Fundi wa jirani aliona nahangaika na bega, akanisogezea lake alilokwisha kushona nilitazame.

Mkuu wa wauza ndagala alikuja kesho yake. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kuita mteja kutoka ng'ambo ya soko. Aliinua libaya yake, akafurahia mbele, akaigeuza.

"Juu ya nini nyuma iko mweupe?"

Nilifungua kinywa kumwambia ndio mtindo mpya wa Usumbura. Mjane akanitangulia.

"Mama, nilikata vibaya. Kichwa ya mukubwa iliangalia chini, tukaitoa."

Mafundi wote waliacha kukanyaga cherehani. Yule mama alimtazama mjane, kisha akamtazama mtoto aliyekuwa mgongoni mwake.

"Weye unabeba mutoto wapi?"

"Mugongoni, mama."

"Na mutoto akikojoa, inaenda wapi?"

Mjane akashika mgongo wa ile libaya. Mama akaanza kucheka, akacheka hadi akatafuta pa kukaa. "Mungenishonea mukubwa mugongoni, mutoto amukojolee mbele ya watu! Weye ulitaka minye nifungwe, nilale mu kachot? Acha iko mweupe! Acha kabisa!"

Siku ya mapokezi, kati ya vikundi vyote vya wanawake, wauza ndagala peke yao ndio waliobeba watoto wao bila hofu, na wengine wakauliza libaya zile zimeshonwa wapi. Migongo myeupe ikawa mtindo wa Uvira. Tulipata kazi nyingi hata mzee akaomba wanafunzi wengine wanne. Nikafikiri sasa ndiyo siku yake. Nikampelekea cheti cha mjane, nimekiandika kwa mkono wangu mzuri.

"Bado," alisema. "Ile ilikuwa bahati. Bahati siitii mukono. Akate peke yake mpaka minye nisahau kumuangalia."

Nilipandwa na hasira za zamani, nikamwambia hajui mwanamke huyu anangojewa na nini. Akasema anajua, mke wake amemweleza. Na ndiyo sababu, alisema, kwa maana karatasi ya huruma huyo shemeji ataichana kwa swali moja. Mjane mwenyewe alikubaliana naye. Basi alikata, mwezi baada ya mwezi, na mimi nilibadilisha mafundisho yangu: kila kipande cha Fuaye sasa kilikuwa cha nguo ya mtu fulani, na kila nguo ilitoka barazani.

Kisha waasi wakaingia mjini. Mimi, kama wengi waliojulikana kwa kalamu, ambao waasi waliwawinda, nilikimbia na mama yangu kwa njia ya bondeni, tukavukia Burundi tukiwa na sufuria moja na blanketi. Mjane alibaki. Mtoto wake mdogo alikuwa na homa, na mke wa mzee alimvuta ndani ya ua akafunga mlango. Kule Burundi niliota mara nyingi kwamba amerudishwa Makobola na mimi sikuwepo, na nikiamka nilikuwa nalia.

Niliporudi, nchi imetulia kidogo, Fuaye haikuwa na paa. Milango ilikuwa imefanywa kuni za ugali na askari wa upande mmoja au mwingine. Cherehani hazikuwepo, daftari la majina limeungua. Nilikaa kwenye ngazi nikalia bila kujificha, mwalimu mwenye ufunguo wa mlango usiokuwepo. Kisha nikapangusa uso, nikaenda barazani, nikitegemea kuona magofu.

Baraza ilikuwa wazi. Mzee alikuwa amekonda zaidi. Alinitazama toka juu hadi chini.

"Mwalimu, umekosa Alhamisi ngapi?"

Nikacheka, nikalia tena, akaniambia niingie uani. Mjane alikuwa amesimama mbele ya meza, amezungukwa na wanawake sita juu ya mikeka. Wawili walikuwa wa kwangu, wanne sikuwajua, wamekimbia kutoka Katogota. Hakuna aliyeshika mkasi kabla hajamwonyesha mjane upande wa juu wa kitambaa uko wapi. Mke wa mzee alinisimulia. Kwa muda wote ule mjane alikata: suruali za waasi walioingia na bunduki, suruali za askari waliowafukuza, magauni ya watoto waliofika bila kitu. Wauza ndagala walipoogopa ile sura yenye miwani, yeye ndiye aliyefumua mbele za libaya zao na kutia nyingine. Mzee alikuwa amesahau kumwangalia tangu zamani.

Shule yangu haikuwa imekufa. Ilikuwa imehama bila kunisubiri, na kwa dakika moja nilichukia hilo, kisha furaha ikanizidi.

Mtu wa serikali mwingine alipofika kuuliza Fuaye iko wapi, tulimkalisha uani na kumletea chai. Niliandika cheti upya. Mzee akachukua kalamu, akaandika mstari wake kwa herufi za Kiarabu, kuanzia kulia, bila haraka. Mtu wa serikali akasema ofisi haisomi maandishi hayo.

"Huyu atayaandika kwa herufi zenu," mzee alisema, akaninyooshea kalamu. "Minye nasema, weye andika."

Nikaandika chini ya mstari wake, neno kwa neno kama alivyolitamka, na mhuri ukapigwa juu ya mistari yote miwili.

Shemeji alifika juma lililofuata, njia ya Fizi ilipofunguka. Alikuja kwa miguu kutoka Makobola, na ndani ya kikapu chake kulikuwa na kikwembe kipya kilichokunjwa vizuri. Wanawake wote uani walikiona. Mwanamume hambebei mjane wa kaka yake kikwembe kipya bure. Alipewa kiti. Aliwasalimu watoto, mkubwa hakumkumbuka. Mjane akamletea cheti kwa mikono miwili, naye akakishika kidogo, akakirudisha.

"Minye sijui kusoma, shemeji. Kinasema nini?"

Mzee hakukichukua. Alisema akiwa amesimama, mikono nyuma: "Kinasema: nimemuona akikata. Anajua. Iko mutu wa kazi yangu."

"Kazi ya kila siku?"

"Kila siku, ila Ijumaa."

Shemeji alitazama meza, mikeka, wale wanawake sita, watoto waliovaa nguo nzima. Nilikuwa nimeshika ukingo wa mlango, na nilikuwa tayari kumgombeza kama angefungua kinywa vibaya. Akainuka kitini. Halafu akatoa kikwembe kwenye kikapu, akakifikisha mezani, akakilaza mbele ya mjane.

"Basi ukate," alisema. "Ushonee mama yangu."

Mjane alikinyoosha kwa viganja. Akapima upana wake kwa shubiri. "Mama hajapimwa," alisema, "na minye sikati kwa kukisia. Umulete Jumatatu."

Shemeji akauliza Jumatatu saa ngapi.